George Hackenschmidt, Simba wa Urusi: namna jina la mpiganaji linavyopanda na kushuka



Mara nyingi katika gazeti letu tunasoma maisha ya wafalme, ya wasafiri na ya watu wa elimu. Mara hii ninawaletea maisha ya mpiganaji wa mieleka. Msishangae. Sisi wote tunajua mabishano ya internat kila siku ya posho jioni. Watoto wa darasa la kwanza mpaka wakubwa wa darasa la sita wanabishana juu ya catch: nani ana nguvu, nani amekwisha, nani ni wa kweli na nani ni wa maonyesho tu. Yule aliyeitwa simba mwaka jana, mwaka huu wanamwita mzee wa bure. Mimi kama doyen kazi yangu ni kusema taa zizimwe, lakini masikio hayazimwi, nasikia yote.

Ndiyo maana nimeona vizuri tutazame maisha ya mtu mmoja ambaye jina lake lilipanda sana, kisha likashuka kwa siku mbili tu, kisha likapanda tena. Huyu ni George Hackenschmidt. Zamani dunia nzima ya michezo ilimjua. Leo wengi wanaotazama catch hawajui kwamba ni yeye mmojawapo wa wale waliofungua ile njia.

UTOTO NA SHULE

Hackenschmidt alizaliwa tarehe 1 Agosti 1877 katika mji wa Dorpat. Leo mji huo unaitwa Tartu, nao uko katika nchi ya Estonia, kaskazini ya Ulaya. Wakati ule Estonia haikuwa nchi ya kujitegemea, ilikuwa chini ya mfalme wa Urusi. Kwa sababu hiyo watu wa Uingereza na Marekani walimwita baadaye Simba wa Urusi, hata kama nyumbani kwao walisema Kijerumani na wazazi wake hawakuwa Warusi. Hapa tayari tunaona jambo moja: jina la mpiganaji mara nyingi anapewa na wengine, na halisemi kweli yote.

Baba yake alikuwa na kiwanda cha kutia nguo rangi. George alikuwa wa kwanza katika watoto watatu. Shuleni alipenda sana mazoezi ya mwili: kuruka, kukimbia, kuendesha kinga. Alipomaliza shule mwaka 1895 alikwenda mji wa Reval, ambao leo ni Tallinn, kujifunza ufundi katika kiwanda cha mashini. Wazazi walitumaini kwamba mtoto wao atakuwa injiniere. Mchana alifanya kazi kiwandani, na jioni alikwenda kwa chama cha michezo kunyanyua vyuma na kupiga mieleka pamoja na vijana wengine.

Mwaka 1896 alifika pale mpiganaji mmoja wa kazi, Georg Lurich, yeye vilevile mtoto wa Estonia. Lurich alikuwa anazunguka miji na kuita vijana wenye nguvu wajaribu bahati yao. Hackenschmidt akajaribu, akaangushwa. Wenzake wangeweza kudhani kwamba atavunjika moyo, kumbe hapana. Alirudi kwenye vyuma vyake, akazidisha mazoezi.

Kiisha siku moja aliumia mkono. Bahati ikawa kwamba daktari mmoja mkubwa wa St. Petersburg, Wladislaw von Krajewski, alikuwa anapita Reval. Huyu daktari alipenda michezo ya nguvu kushinda kitu kingine chochote. Nyumbani kwake alikuwa na chumba kizima cha vyuma, na wapiganaji wa nchi mbalimbali walikuwa wanamtembelea. Alipotazama ule mkono aliona kwamba si jambo kubwa. Lakini alipotazama mwili wote wa kijana aliona nguvu isiyo ya kila mtu. Akamwalika aje St. Petersburg, akae kwake, ale kwake, na ajifunze kwake.

Wazazi hawakupenda hata kidogo. Kwao kupigana mbele ya watu ili kupata feza haikuwa kazi ya heshima. Lakini mwanzoni mwa mwaka 1898 kijana aliacha kiwanda, akaenda.

KUPANDA KWAKE

Nyumbani kwa daktari alifuata maisha ya sheria. Hakuvuta tumbako, hakunywa pombe, alikunywa maziwa mengi sana, alilala kwa wakati. Aliweza kunyanyua zaidi ya kilo 100 juu ya kichwa kwa mkono mmoja. Mwaka ule ule wa 1898 alimwangusha Paul Pons, Mfaransa mrefu ambaye jina lake lilikuwa kubwa katika Ulaya yote, na kule Vienna alishinda mashindano ya mieleka. Alikuwa na miaka 20 na 21 tu.

Baadaye akawa mpiganaji wa kazi. Siku zile katika miji kama Moscow, Budapest, Vienna na Paris walikuwa wanafanya mashindano marefu, jioni kwa jioni, muda wa majuma. Wapiganaji walitoka Ufaransa, Uturuki, Ujerumani, Urusi na kwingine. Watu walilipa kiingilio, wakarudi kesho yake, wakachagua mtu wao wa kushangilia. Magazeti yaliandika kila asubuhi nani kaanguka. Ndivyo jina lilivyojengwa: tofali juu ya tofali, jioni juu ya jioni. Mpaka mwaka 1901 Hackenschmidt alikuwa amekwisha kushinda mashindano makubwa ya namna hiyo, na watu mingi walimhesabu kuwa wa kwanza katika Ulaya.

Vitabu vingine vinasema kwamba katika maisha yake alipigana mara 3000 na kupoteza mara 2 tu. Hesabu kama hiyo tuipokee kwa akili. Wapiganaji waliishi kwa matangazo, na sisi tumekwisha kuona kwamba Lurich alimwangusha mapema. Mtu akipanda, wale wanaomsifu wanafuta hata maanguko yake ya zamani. Akishuka, wanafuta ushindi wake.

LONDON NA MAFUNDISHO YA MENEJA

Mwaka 1902 Hackenschmidt alifika London. Kule mieleka ilionyeshwa katika majumba ya maonyesho, katikati ya waimbaji na watu wa kuchekesha. Katika jumba moja lililoitwa Alhambra alikuwako mpiganaji wa Marekani, Jack Carkeek, ambaye kila jioni alikuwa anaita mtu yeyote ajaribu kumwangusha. Hackenschmidt akapanda jukwaani akiwa tayari kabisa. Carkeek alipoona ni nani, akakataa kupigana naye. Kesho yake mji wote ulikuwa unataja jina la yule mgeni.

Bwana mmoja wa maonyesho, C. B. Cochran, akawa meneja wake. Kazi ilikuwa hivi: Hackenschmidt anapanda jukwaani na kuahidi feza kwa mtu yeyote atakayeweza kusimama naye dakika fulani bila kuanguka. Wanakuja wachimba makaa, mabaharia, wapiganaji wa vijijini. Yeye anawaangusha mmoja baada ya mwingine, wengine kwa muda wa kukohoa tu.

Hapa ninaomba tusimame kidogo, sababu hapa ndipo kuna kiini cha habari hii. Mtu aliyelipa kiingilio anafurahi akiona simba anamaliza kazi kwa segonde 30. Mara ya pili anafurahi kidogo. Mara ya tatu anasema feza yake imepotea bure. Kwa hiyo Hackenschmidt, kwa sababu ya kuwa na nguvu mno, alianza kuharibu biashara yake mwenyewe. Cochran aliona hatari hiyo. Akamfundisha kutokushinda haraka. Akamfundisha kumwacha mtu dhaifu aonekane kuwa na nguvu, kumpa nafasi, kuonyesha watu misuli yake, na mwisho, wakati wote wamekwisha kusimama juu ya viti, ndipo amwangushe.

Ile elimu ilileta feza mingi na jina kubwa zaidi. Lakini pamoja na feza yakaingia mashaka. Kama leo amechelewa kushinda makusudi, kesho akichelewa kweli nani atajua? Kweli na maonyesho vikaanza kulala kitanda kimoja. Hata leo tunapotazama catch, swali ni lile lile. Kule Kinshasa wapiganaji wengine wanaingia uwanjani na dawa na fétiche, na watazamaji wanacheka na kuogopa kwa wakati mmoja. Tusidhani jambo hilo ni la Waafrika peke yao. Simba wa Urusi vilevile alifundishwa kuigiza.

SEGONDE 44

Pigano lililopandisha jina lake juu kabisa lilikuwa la tarehe 30 Januari 1904, katika jumba kubwa la Olympia mjini London. Mpiganaji mmoja Mgiriki, Antonio Pierri, ambaye Hackenschmidt alikuwa amemshinda, alitafuta mtu wa kumlipizia kisasi. Akaleta Mturuki mkubwa sana aliyeitwa Ahmed Madrali. Majuma mengi magazeti yaliandika juu ya ukubwa wa huyu Mturuki. Ile jioni barabara zote za kwenda Olympia zilijaa magari ya farasi, mpaka mengine hayakuweza kupita.

Hackenschmidt aliingia chini ya mikono ya Madrali, akamkamata kiunoni, akamnyanyua, akamtupa chini. Madrali aliangukia mkono wake, ukateguka. Hakuweza kuendelea. Tangu mwanzo hadi mwisho zilipita segonde 44.

Mara hii hakuna aliyenung'unika kwamba feza yake imepotea. Juu ya nini? Kwa sababu Madrali alikuwa ametangazwa kuwa mtu wa kuogopwa. Segonde 44 juu ya mchimba makaa ni kitu cha kuchosha. Segonde 44 juu ya mtu wa kutisha ni habari ya kusimulia wajukuu. Nguvu ni ile ile, jina linategemea ni nani uliyemwangusha.

MIELEKA YA NAMNA MBILI

Ili kuelewa yaliyokuja baadaye lazima tujue kwamba kulikuwa na mieleka ya namna mbili. Ya kwanza ni ile ya Kigiriki na Kirumi, iliyopendwa sana Ulaya. Katika namna hiyo ni marufuku kukamata miguu. Unakamata juu ya kiuno tu. Mtu mwenye kifua na mikono kama Hackenschmidt alikuwa mfalme pale. Ya pili ilitoka Uingereza na kukomaa Marekani. Maana ya jina lake kwa Kiingereza ni kamata namna unavyoweza. Hapo unaweza kukamata mguu, goti, kidole cha mguu, popote. Wafaransa walichukua mwanzo wa lile jina la Kiingereza, wakasema catch, na neno hilo ndilo lililofika kwetu Kongo pamoja na Kifaransa. Basi tukisema catch tunataja mieleka ile ya namna ya pili bila kujua.

Hackenschmidt alijifunza namna hiyo ya pili alipokuwa Uingereza, na aliiweza. Tarehe 4 Mei 1905, mjini New York, katika Madison Square Garden, alimshinda Mmarekani Tom Jenkins mara mbili mfululizo kwa sheria za catch. Tangu siku ile alihesabiwa kuwa bingwa wa dunia. Alikuwa na miaka 27. Watu walisema hakuna atakayemweza.

FRANK GOTCH

Mwaka ule ule aliozaliwa Hackenschmidt, tarehe 27 Aprili 1877, alizaliwa mtoto mwingine katika shamba karibu na Humboldt, jimbo la Iowa, Marekani. Jina lake Frank Gotch. Mwalimu wake alikuwa Martin Burns, fundi mkubwa wa catch. Gotch hakuwa na mikono ya kunyanyua vyuma kama Hackenschmidt, lakini alijua miguu ya watu. Silaha yake ilikuwa kukamata mguu wa adui na kuupinda, mpaka mtu achague: kukubali kushindwa au kuvunjika.

Walipatana kukutana Chicago tarehe 3 Aprili 1908, katika jumba la Dexter Park. Hackenschmidt alikuwa na goti lililomsumbua tangu miaka kadhaa, na mazoezi yake yalikuwa kidogo. Pengine alidhani kwamba mambo yatakwisha haraka sawa vile yalivyokwisha mara nyingi. Alipofika Chicago hakutaka kufanya mazoezi mbele ya watu, na jambo hilo peke yake liliwaudhi wenyeji. Gotch kwa upande wake alikuwa amejitayarisha kwa pigano refu.

Basi likawa refu. Gotch hakukubali kukamatwa kiunoni. Alimlemea Hackenschmidt shingoni, akamsukuma, akamchosha, akamzungusha. Dakika 10, dakika 30, saa nzima. Hackenschmidt alilalamika kwa mwamuzi kwamba Gotch anampiga kwa kichwa, anamchoma kwa vidole gumba, na amejipaka mafuta mwilini ili asikamatike. Mwamuzi hakumsikiliza. Watu wa Chicago nao walikuwa upande wa mtoto wao.

Masaa mawili yakapita, wote wawili wakiwa wamesimama. Mwisho Gotch akampata kwa nyuma, akamshusha chini, akaanza kuutafuta mguu. Hapo Hackenschmidt akakubali kushindwa. Sheria ilisema bingwa ni yule atakayeshinda mara mbili, kwa hiyo baada ya mapumziko alipaswa kurudi. Hakurudi. Alikaa katika chumba cha kuvalia na kutangaza kwamba anauacha ubingwa wake kwa Gotch.

Wasomaji, tazameni jambo hili. Angeanguka chini mara mbili, watu wangesema ameshindwa na mtu mwenye nguvu. Lakini alikataa kurudi uwanjani, na hilo ndilo lililowauma. Miaka 10 ya kushinda ilifunikwa na mlango mmoja uliofungwa. Tena, mara ya kwanza alimsifu Gotch kuwa mpiganaji mkubwa. Baadaye akabadili maneno, akasema ameibiwa kwa mafuta na kwa hila. Pengine maneno yote mawili yalikuwa na ukweli ndani yake. Lakini mtu akisema hivi leo na vile kesho, wanaomchukia wanachagua lile linalomwumiza.

COMISKEY PARK, 1911

Walikutana tena tarehe 4 Septemba 1911, Chicago vilevile, safari hii katika uwanja mkubwa wa Comiskey Park. Watu karibu 30000 walifika. Hackenschmidt alikuwa amefanya mazoezi kwa bidii kushinda mara ya kwanza. Lakini siku chache kabla ya pigano goti lake liliumia tena katika mazoezi.

Namna lilivyoumia, habari ni mbili. Yeye mwenyewe alieleza kwamba ilikuwa ajali pamoja na mwenzake wa mazoezi. Miaka mingi baadaye mpiganaji aliyeitwa Ad Santel alimsimulia bingwa Lou Thesz kwamba watu wa Gotch walimlipa yeye dola 5000 ili aharibu lile goti. Wengine wanaiamini habari ya Santel, wengine wanaikataa, kwa sababu ilisimuliwa wakati mashahidi wengi walikuwa wamekwisha kufa. Mtu mwenye haki hawezi kuhukumu hapo.

Lililo wazi ni kwamba Gotch alijua goti liko wapi. Alimshinda mara mbili, na yote mawili kwa jumla yalichukua dakika 20 hivi. Mara ya pili alimkamata mguu ule ule, na Hackenschmidt akakubali. Watu waliosafiri kwa gari la moshi kutoka mbali walirudi nyumbani na hasira. Si jina la Hackenschmidt peke yake lililoanguka ile siku. Jina la mieleka yenyewe liliumia, kwa sababu wengi walianza kuuliza kama waliyoona ni kweli.

Tangu hapo maisha yake ya uwanjani yalikwisha. Alikuwa na miaka 34.

MAISHA YA PILI

Wapiganaji wengi wakifika hapo wanazunguka miji midogo, wanauza jina la zamani mpaka liishe kabisa. Hackenschmidt alichagua njia nyingine. Vita ya kwanza ya dunia ilipoanza mwaka 1914 alikuwa Ujerumani, na Wajerumani wakamzuia kwa kuwa alikuwa raia wa Urusi. Hakupoteza akili kwa uchungu. Aligeukia vitabu.

Tayari mwaka 1908, mwaka wa kushindwa kwake kwa kwanza, kilikuwa kimetoka kitabu chake cha Kiingereza kiitwacho The Way to Live, juu ya namna ya kulinda afya na kujenga nguvu. Watu wa kunyanyua vyuma wanakisoma mpaka leo. Baadaye aliandika vitabu vya falsafa, juu ya akili, kumbukumbu na nafsi ya mtu. Kimoja kilichotoka mwaka 1935 kinazungumza juu ya upinzani wa ulimwengu kwa akili na roho ya mtu. Ni vitabu vigumu, na si watu wengi waliovifuata. Lakini fikirini: mtu ambaye dunia ilimjua kwa kifua na mikono, alitumia nusu ya pili ya maisha yake akitafuta kujua mtu ni nini. Alijua lugha nyingi, na alitoa mafundisho mbele ya watu waliokuja kumsikiliza, si kumtazama misuli.

Alikaa Ufaransa na Uingereza. Alipata uraia wa Ufaransa, na mwaka 1950 akawa raia wa Uingereza. Mwili wake hakuuacha. Inasemwa kwamba hata katika uzee wake mkubwa aliendelea kuruka juu ya kiti mara nyingi mfululizo kama zoezi. Alikufa London tarehe 19 Februari 1968, akiwa na miaka 90.

Na Gotch? Aliacha mieleka akiwa shujaa wa Marekani, lakini mnamo Desemba 1917 aliugua akafa, na miaka 40 tu. Kwa muda mrefu wenyeji wake walimweka juu ya wote. Kiisha wakaja waandishi wengine, wakachimba habari za mafuta, vidole gumba na goti, na jina lake nalo likaingia doa. Kwa wakati ule ule jina la Hackenschmidt likaanza kupanda tena, kwa sababu ya vitabu vyake na kwa sababu wanyanyua vyuma walimkumbuka kuwa mwalimu. Hata liko zoezi moja la miguu, la kuchuchumaa na chuma nyuma ya mwili, ambalo kwa Kiingereza wanaliita kwa kifupi cha jina lake.

Mwaka 2016 kampuni kubwa ya mieleka ya Marekani, WWE, iliandika majina ya mabingwa wa zamani katika orodha yake ya heshima. Gotch na Hackenschmidt waliingizwa mwaka ule ule, pamoja. Zaidi ya miaka 100 baada ya Comiskey Park, wamewekwa ukuta mmoja.

TUNAJIFUNZA NINI?

Kwanza, jina la mpiganaji haliko mikononi mwake peke yake. Liko kwa watazamaji, kwa meneja, kwa magazeti, kwa adui aliyempata, na kwa sheria za mchezo. Kwa mieleka ya Kigiriki na Kirumi Hackenschmidt alikuwa simba. Miguu iliporuhusiwa kukamatwa, simba akaonekana ana goti.

Pili, watu wanakumbuka mwisho kushinda katikati. Ndiyo maana haifai kuhukumu upesi. Wale wanaosema katika chumba cha kulala kwamba fulani amekwisha, wangojee kidogo. Wanaopiga makofi leo ndio watakaozomea kesho, na watoto wao watapiga makofi tena.

Tatu, na hili ninalisema hasa kwa sisi finalistes. Miezi ijayo tutaingia katika Examen d'État. Kwa siku chache tu watu watatupa jina: huyu amepata, huyu ameanguka. Kati yetu wako walioanguka mwaka uliopita na kurudi kukaa kwenye benchi pamoja na wadogo zao, na nimesikia majina mabaya wanayoitwa uwanjani. Hackenschmidt alianguka mbele ya watu 30000. Hakuna mmoja wetu atakayeanguka mbele ya watu wengi namna hiyo. Na bado alikuwa na miaka 56 ya kuishi baada ya ile siku, akaijaza kazi.

Lakini tusimsifu kwa yote. Mimi ninaona kwamba mwaka 1908 angerudi kutoka chumba cha kuvalia. Angeshindwa, ndiyo, mguu ungemwuma, lakini angeshindwa akiwa uwanjani. Walimu na wanafunzi wanaoona tofauti waandike, gazeti litapokea majibu yao mpaka mwisho wa mwezi, na mabishano ya siku ya posho tutayafanya kwa karatasi, taa zikiwa zinawaka.

Doyen wa wanafunzi, darasa la sita